Bucha la kijiji mchezoni: anza na daftari la deni

Jumamosi baada ya isha hukaa barazani kwetu Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, mimi na wadogo zangu wawili na watoto watatu wa ami, tukacheza mchezo wa kuigiza uitwao Dungeons & Dragons. Mimi ndiye msimulizi: naeleza kijiji, njia, hali ya hewa na watu wanaokutwa njiani. Wao kila mmoja ana mhusika wake, na dadu la pande 20 ndilo linaloamua kama mshale umeingia au umepotea kichakani.

Mwaka wa kwanza kijiji changu, Kisima Chumvi, kilikuwa na duka la nyama lililokuwa jina tu kwenye ramani. Usiku mmoja mdogo wangu, mpiga mishale wetu, akasema anaingia. "Naona nini?" Nikamwambia: nyama. "Nyama gani?" Ya ng'ombe. Akatoka, na kwa miezi mingi hakuna mhusika aliyeingia tena mle ndani.

Jambo lile lilinikaa moyoni, kwa sababu mimi nimekulia ndani ya bucha. Babu alikuwa na meza yake karibu na soko la Marikiti, baba akairithi, na tangu niko darasa la sita mimi ndiye niliyekuwa nashika daftari kila nikitoka shule. Kwa hiyo nikalibomoa lile duka la kwenye karatasi nikalijenga upya, safari hii kwa yale ninayoyajua. Haya ndiyo niliyoyafanya, nayaandika kwa wasimulizi wenzangu, na yamefaa kiasi kwamba sasa wachezaji wangu wakirudi kijijini kutoka safari, kwa Mzee Fumo muuza nyama ndiko wanakopita kwanza, kabla ya mhunzi na kabla ya nyumba ya wageni.

Kijijini hakuna friji

Msingi ni huo. Nyama haingoji. Ng'ombe akichinjwa kabla ya alfajiri, jua la adhuhuri likifika ile nyama inaanza kubadilika rangi, na ikifika alasiri nzi wamekwisha kuwa wengi kuliko wanunuzi. Kila kitu kingine katika bucha, bei, deni, ugomvi, ukarimu, kinatokana na mbio hizo.

Basi usieleze duka, eleza saa. Wachezaji wakifika alfajiri wakute mzoga mzima ukining'inia kwenye kulabu, mvuke ukitoka, na watu wa maini na matumbo wamejipanga, maana hivyo ndivyo vinavyoharibika mwanzo na ndivyo vinavyokwenda mwanzo. Wakifika jua limepanda, sarara na mapaja yamekwenda. Kumebaki mbavu, kidari, shingo. Wakifika alasiri wamkute mtoto akisugua gogo la mkwaju kwa chumvi, mifupa imewekwa kando kwa ajili ya supu, na paka sita wamekaa mstari mmoja kama walioitwa. Paka msiwasahau. Anayejua vichochoro vya Mji wa Kale anajua kwamba bucha lisilo na paka si bucha.

Nilipofanya hivyo tu, kabla sijaongeza kitu kingine, binamu yangu mdogo akauliza: "Kwani tukija kesho mapema tutapata maini?" Hapo nikajua lile duka limeanza kupumua.

Piga hesabu mara moja, kwa kalamu

Mchezo huu ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Sisi twatumia bei za toleo la tano, la mwaka 2014: mbuzi kipande 1 cha dhahabu, kondoo 2, ng'ombe 10. Dhahabu moja ni fedha 10, fedha moja ni shaba 10. Vipimo vya uzito katika vitabu vya kanuni za mchezo ni pauni, yaani ratili, neno ambalo babu alikuwa bado analitumia, na nawasihi mlitumie. Mtu akisema "n'katia ratili mbili" mbele ya mizani ya mawe, kijiji kinasikika. Akisema "kilo moja", mizani inageuka ya betri.

Sasa ng'ombe. Mnyama wa kilo 300 akishachinjwa, akachunwa, akaondolewa kichwa, miguu na matumbo, kinachotundikwa ni kama nusu ya uzito wake: kilo 150, yaani ratili 330 hivi. Mzee Fumo amemnunua kwa dhahabu 10, ambazo ni shaba 1,000. Akiuza ratili kwa shaba 4, atapata shaba 1,320. Inaonekana ni biashara nzuri. Lakini robo ya nyama ile isipouzwa, ni ratili 82, shaba kama 330 zimeoza juu ya meza, na faida yote imekwenda nazo. Hapo hujatoa bado ujira wa vibarua wawili, ambao kitabu kinawalipa fedha 2 kwa siku kila mmoja, wala chumvi kwa shaba 5 ratili.

Nawaomba mlitazame jambo hili vizuri, kwa sababu kila kisa kilichotokea bucha kwa Mzee Fumo kimetoka kwenye ile robo. Jua likisimama utosini na ratili 80 zingali juu ya kulabu, muuza nyama ana njia tatu tu: atie chumvi, apunguze bei, au akopeshe. Chumvi ni ghali, na bei ikishuka leo kesho watu wataingoja ishuke tena. Ndiyo sababu hukopesha.

Hesabu hiyo inakwambia pia kwamba kijiji cha nyumba 60 hakiwezi kula ng'ombe kila siku. Kwa hiyo siku za kawaida Mzee Fumo huchinja mbuzi mmoja, mwenye nyama ya ratili 30 hivi, na ng'ombe huangushwa siku ya gulio tu, tena baada ya sehemu kubwa kuwa imekwisha kuagizwa. Kile "kipande cha nyama" cha fedha 3 kilichomo kitabuni msikitumie kuwa bei ya bucha. Ni zaidi ya ujira wa kibarua wa siku nzima; hicho kiacheni kwa mwenye nyumba ya wageni, kikiwa kimekwisha kuchomwa.

Daftari

Sasa andika ukurasa mmoja wa deni. Uandike kweli, kwa mkono, uuweke mezani wachezaji wauone. Wangu wa kwanza ulikuwa hivi:

Bi Shali, mtengeneza ngozi: ratili 6. Atakata kwenye ngozi ya gulio.

Mlinzi wa lango la kaskazini: shaba 48. Hajawahi kukopa kabla ya mwezi huu.

Nyumba ya mnara: maini ratili 2 kila siku. Hulipa taslimu.

Mwanafunzi wa mchawi: shaba 30. Analipa kwa barafu, Jumanne.

Jumbe: imefutwa.

Mjane wa mvuvi, Ijumaa.

Mistari sita tu, nayo imetuchezesha miezi minne. Kwa nini mlinzi mwenye mshahara ameanza kukopa? Nani anakula maini ratili mbili kila siku ndani ya mnara wenye mzee mmoja? Deni la Jumbe limefutwa na mkono wa nani? Sikuwaelekeza. Walisoma wenyewe, wakagawana mistari kama wapelelezi. Na yule mwanafunzi wa mchawi niliwawekea kwa makusudi, kwa maana lazima mchezaji mmoja atasema "si tunaweza kugandisha nyama kwa uchawi?" Wanaweza. Lakini barafu ina mwenyewe, na mwenyewe ana deni.

Mstari wa mwisho nautaja peke yake. Katika daftari letu la kweli kulikuwa na majina ya namna hiyo, jina na siku, bila kiasi. Nikiwa mdogo nilidhani ni kosa, nikaanza kujaza tarakimu kwa kukisia. Baba alinizuia mkono. "Hayo si madeni," akaniambia. "Hayo ni ya babu yako. Wewe andika jina tu, upate kukumbuka asikose." Ukitaka kuwaonyesha wachezaji muuza nyama wako ni mtu gani, usiseme ana roho nzuri. Mwandikie jina lisilo na kiasi.

Uliza "ya kupika nini?"

Hapa kwetu mnunuzi hatamki kipande, hutamka chakula. "N'katia ya pilau." "Nataka ya mshikaki." "Ya kima, usin'tilie mshipa." Muuza nyama ndiye anayejua: ya pilau iwe na mfupa na mafuta kidogo, kidari au mbavu, ya mshikaki mnofu laini, ya kima paja, ya supu ya mgonjwa shingo au goti. Nundu haitajwi. Hiyo huwekwa chini ya kitambaa, ikatoka kwa mwenye mgeni.

Mfanyeni muuza nyama wenu awaulize wachezaji swali hilo hilo, kila mara: ya kupika nini? Litawatoa mengi. Watalazimika kusema kama wanasafiri, wana mgonjwa, au wanaficha mtu. Usiku mmoja mtoto wa ami anayecheza mwanamazingaombwe wetu alijibu "ya supu" bila kufikiri, na Mzee Fumo akamwuliza, "Nani mgonjwa?" Walikuwa wamemficha mfungwa aliyejeruhiwa. Jasho lilimtoka yule mtoto wa ami kama ameulizwa yeye kweli.

Wakisema wanasafiri, wauzie nyirinyiri. Hii ni nyama ya wafugaji, Wasomali na Waborana wanaijua vizuri: hukatwa vipande virefu vyembamba, ikaanikwa ikakauka, ikakatwa tena vidogo vidogo, ikakaangwa mpaka maji yote yatoke, kisha huhifadhiwa ndani ya samli. Hukaa miezi. Ratili tatu za nyama mbichi hupungua zikabaki kama moja, kwa hiyo bei yake haiwezi kuwa ya mbichi, na mchezaji akilalamika mwonyesheni hesabu. Chakula cha msafiri cha siku moja kitabuni ni fedha 5. Gudulia la nyirinyiri la Bi Tatu, mke wa Mzee Fumo, ni bora kuliko hicho, na wachezaji wangu wamewahi kurudi nusu siku nzima kwa sababu walilisahau.

Na baada ya mizani kutulia, nyongeza. Kipande kidogo kinachotupwa juu ya fungu bila kupimwa. Msiache. Mnunuzi asiyepewa nyongeza anajua amekosea mahali, naye atakwenda nyumbani akijiuliza ni wapi.

Kila mtu na kifaa chake

Bucha la ukoo si watu watano waliosimama nyuma ya meza. Kwetu hakuna aliyegusa kisu cha baba. Shoka la mifupa lilikuwa la kaka yangu mkubwa, mizani ya ami, daftari langu, na sufuria ya supu, kule nyuma, ya mama. Kwa Mzee Fumo nimegawa hivyo hivyo: yeye kisu, mwanawe Bwanaheri shoka, nduguye mizani, binti yake Mwanakombo daftari, Bi Tatu sufuria.

Faida yake ni kwamba huhitaji kueleza habari za ukoo. Hamisha kifaa. Wachezaji waliporudi baada ya kupotea msituni wiki tatu, nikawaambia neno moja tu: shoka analo Mwanakombo. Wakanyamaza wote. Kisha mmoja akauliza polepole, "Bwanaheri yuko wapi?" Alikuwa amefuata msafara, usiku, bila kuaga, kwa sababu miezi yote ile alikuwa akisikiliza hadithi zao za safari pale mezani. Walijiona wana deni, na kweli walikuwa nalo.

Mnyama waliomuua wao

Siku itafika wataleta mzoga. Jitayarishe, maana hapa ndipo duka lako litajulikana lina mila au halina. Wangu walimuua nunda, lile dubwana la paka mla watu ambalo bibi zetu walitutishia nalo, wakamburura mpaka barazani kwa muuza nyama.

"Ami, tumekuletea nyama," akasema mdogo wangu. "Nunda mzima. Mnono."

Mzee Fumo akafuta kisu chake, hakuutazama mzoga. "Alichinjwa?"

"Alipigwa mishale. Saba."

"Nimekuuliza alichinjwa, mwanangu. Damu ilitoka kooni au imebaki mwilini?"

Wakatazamana.

"Basi hicho ni kibudu. Kitoeni hapa kabla wanunuzi hawajaja. Ngozi na meno mpelekeeni Bi Shali, nyama mkaifukie mbali na kisima. Na hata angechinjwa, mwenye meno kama yale haliwi na mtu wa hapa."

Sikuiingiza dini yangu mchezoni jinsi ilivyo, nisingependa kuichezea. Nimeweka mila ya kijiji yenye mambo matatu: koo likatwe kwa kisu kikali, damu itoke, na jina litajwe. Lakini nilipoulizwa habari za mawindo nilikopa nilichofundishwa katika chuo cha Kurani, kwamba mwindaji akitaja jina la Mungu anapoachia mshale, na mnyama akafa kabla hajafikiwa, ni halali. Nikawaachia wazee wa Kisima Chumvi wabishane juu yake kikao kizima. Tangu siku hiyo mpiga mishale wetu husema maneno yake kabla ya kuachia, hata vitani, na hutembea na kisu kidogo kiunoni kwa ajili ya kumchinja swala aliyemwinda. Hakuna kanuni ya kitabu iliyomlazimisha.

Nguruwe yumo kitabuni, kwa dhahabu 3. Kisima Chumvi hawafugi, basi.

Ng'ombe wa watu saba

Kama utachukua kitu kimoja tu katika haya, chukua hiki. Idd ya kuchinja, kwetu ng'ombe mmoja wafaa kwa watu saba, mbuzi kwa mmoja. Baba alikuwa na orodha: majina saba, ng'ombe mmoja, na kila mwaka kulikuwa na orodha moja yenye sita, mtu wa saba anatafutwa mpaka usiku wa manane.

Kijijini fanya sikukuu yako mwenyewe, jina lolote. Ng'ombe amefungwa nje, anakula nyasi za bure, majina ni sita. Wachezaji wanaombwa wawe wa saba. Fungu ni dhahabu 1 na fedha 4 na ushei. Ugumu hauko kwenye bei. Uko kwenye wale sita: Jumbe, mlinzi wa lango, yule mzee wa mnara, na yeyote ambaye wachezaji wako hawataki kukaa naye. Watashiriki mnyama mmoja na watu wale, na nyama yake itagawanywa mbele ya macho yao.

Kugawa ndiko kwenye utamu, kwa hiyo usiharakishe. Mafungu saba hupimwa sawa, kila moja na mnofu wake, mfupa wake, ini lake, mafuta yake. Kisha, ili asiwepo wa kusema amepunjwa, mtu mmoja hugeuka akatazama ukuta. Baba alikuwa akigusa fungu kwa ncha ya kisu na kuuliza, "La nani hili?" Na yule aliyegeuka hutaja jina, bila kuona. Kazi hiyo ilikuwa ya mtoto mdogo kuliko wote, na miaka mitatu mfululizo ilikuwa yangu.

Usiku tuliocheza sikukuu hiyo niliweka dadu mfukoni. Nikapanga visahani saba barazani, kila kimoja na kashata, nikamwambia binamu yetu mdogo, wa miaka tisa, ageuze uso ukutani. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima, tulikuwa na taa ya simu tu. Nikagusa kisahani cha kwanza. Jumbe. Cha pili. Mlinzi. Wakubwa walikuwa wameacha kuongea, kwa sababu kisahani kimoja nilikuwa nimekitia kashata kubwa kidogo na wote waliona. Nikafika kwenye hicho.

"La nani hili?"

Akanyamaza kidogo, kichwa kimeegemea ukuta. Akasema, "La mjane wa mvuvi."

Hakuwa miongoni mwa wale saba. Nikawatazama wengine mmoja mmoja, hakuna aliyepinga, hata mdogo wangu ambaye mhusika wake ndiye aliyekosa fungu. Nikavuta daftari nikaandika jina, na siku.